Usambara kwa Boxer: siku moja ya njia, siku moja ya kukaa

Kila Juni shule zikifungwa nafunga begi nyuma ya pikipiki yangu, Boxer ya cc 150, natoka Muheza, naelekea Lushoto. Mwaka wa kwanza nilikwenda kama mtu anayefukuzwa na deni: siku nne, na zote nne niko juu ya kiti. Nilirudi na mgongo wa babu, cheni imelegea inagonga kava lake. Mwalimu mwenzangu aliponiuliza Lushoto kukoje, nikajikuta sina la kumwambia ila kona. Hata sura ya mama aliyeniuzia chai siikumbuki. Tangu hapo nina sheria moja, na haya yote ninayoandika yanaizunguka: siku moja ya njia, siku moja ya kukaa. Anayeona huko ni kupoteza likizo, ajaribu wiki moja kwanza.

Ninayoieleza ni Usambara ya Magharibi, ile unayoiingia kwa Mombo. Amani na Usambara ya Mashariki ziko mlangoni kwangu na zina mambo yake, tuziache. Wala sizungumzii mapikipiki makubwa ya watalii yenye masanduku ya chuma ubavuni. Nazungumzia pikipiki ile ile inayobeba abiria, magunia ya mkaa na siku nyingine mishikaki ya wanafunzi watatu. Ikiwa nzima, inatosha.

Hatua ya 1: Chagua mwezi

Masika, yaani Machi hadi Mei, kaa nyumbani. Tatizo si kulowa, nguo hukauka. Tatizo ni kwamba mlima wenyewe hushuka barabarani: udongo na mawe huporomoka kwenye njia ya Mombo hadi Lushoto, na zile njia za udongo huko juu hugeuka sabuni. Juni hadi Septemba ni kukavu, ila Juni na Julai zina baridi ambayo mtu wa pwani haiamini mpaka imkute. Januari na Februari ni nzuri pia, anga safi na joto la kadiri. Vuli ya Oktoba hadi Desemba ni bahati nasibu. Mimi kalenda ya shule ndiyo inayoniamulia, kwa hiyo mengi hapa chini yameandikwa na mtu aliyezoea ukungu.

Hatua ya 2: Kagua pikipiki wiki nzima kabla

Nasema wiki nzima kwa sababu kitu alichokifunga fundi jana jioni, wewe ndiye utakayekijaribu leo asubuhi, na mlimani si mahali pa kujaribia. Mwaka mmoja fundi wa mtaani kwetu alinikazia cheni usiku wa kuamkia safari, pikipiki ikiwa tupu. Ilinyooka kama uzi wa gitaa. Nilipokaa mimi na begi, sehemu ya nyuma ikabonyea, cheni ikazidi kukaza, nikasikia mlio wa kusaga mpaka Segera. Cheni ipime katikati, sehemu ya chini, uisukume juu na chini kwa kidole: icheze sentimita 2 hadi 3. Kisha panda, umwambie mtu aipime tena. Ikiwa haichezi kabisa ukiwa umekaa, ilegeze.

Breki ndizo za kwanza, na nimeziweka ya pili makusudi ili uzisome mara mbili. Boxer nyingi huku kwetu zina breki za ngoma mbele na nyuma. Fungua, tazama breki shuu: zikiwa zimekwisha au zinang'aa kama kioo, badilisha, hata kama barabara ya Muheza hujawahi kuona tatizo. Muheza hakuna mteremko wa kilomita 30.

Upepo wa tairi uwe PSI 25 mbele na 28 nyuma. Ukiwa na mzigo mzito au abiria, nyuma 32. Mwaga oili uweke mpya, 20W-50. Waya wa klachi utazame pale unapoingia kwenye mkono wa usukani. Ukiona nyuzi mbili tatu zimekatika, huo umekwisha. Nunua mpya hata kama wa zamani ni mzima, uulaze sambamba na wa zamani kuanzia kwenye usukani mpaka kwenye injini, uufunge kwa utepe. Wa zamani ukikatika njiani unahamisha ncha mbili tu, kazi ya dakika tano, hata kwenye mvua.

Leseni, kadi ya pikipiki, bima. Trafiki wapo kati ya Segera na Mombo, na ukiwa na vyote vitatu mazungumzo huishia kwenye salamu.

Hatua ya 3: Funga mzigo mdogo

Begi moja nyuma, limefungwa kwa mipira ya tyubu ya zamani, si kwa kamba ya katani inayolegea ikitikiswa. Ndani yake: nguo za kubadilisha mara mbili, sweta nzito, koti la mvua la vipande viwili, glavu, soksi za sufu, mswaki mmoja wako na mmoja mzee wa cheni. Zana ziwe chini ya kiti au kwenye mfuko wa pembeni: spana za kawaida na ile ya nati ya gurudumu la nyuma, spana ya plagi, plagi mpya, tyubu moja ya nyuma, viraka na gundi, pampu ya mkono, kipande cha waya, utepe mweusi wa umeme. Tochi.

Na magazeti mawili. Ya zamani, hayahitaji kusomwa. Ukianza kupanda mlima utajua kazi yake.

Hatua ya 4: Vuka tambarare mapema

Kutoka Muheza hadi Lushoto ni kilomita 130 na ushei, na kwa mtu wa Dar, kupitia Chalinze na Segera, ni kama 370. Mwenye kutoka Dar asijifanye shujaa: alale Korogwe au Mombo, mlima aupande asubuhi yake akiwa na macho mapya.

Mimi huondoka baada ya swala ya alfajiri, kukishapambazuka, si kabla. Barabara kuu ni nzuri, na uzuri huo ndio hatari yake. Mabasi ya Arusha na malori hayakuoni wewe ni gari. Basi likikupita kwa kasi, kwanza linakusukuma kando, halafu likishapita linakuvuta ndani. Shika usukani bila kuukaza, bana tanki kwa magoti, usipigane na upepo. Kwenye vijiji vyenye kibao cha 50 nenda 50, maana watoto wanavuka na mbuzi hawasomi vibao. Baada ya Korogwe mashamba ya mkonge yanaanza, safu zimenyooka mpaka macho yanachoka, na upande wa kulia milima inakuja imesimama wima kama ukuta uliosahauliwa na fundi.

Jaza tanki Mombo. Kituo kipo Lushoto pia, lakini baada ya Lushoto utaanza kukutana na petroli ya chupa.

Hatua ya 5: Panda Mombo hadi Lushoto bila haraka

Mombo iko kwenye mita 400 hivi juu ya bahari, Lushoto kwenye 1,400. Unapanda kilomita nzima kwenda juu ndani ya kilomita 33 za lami nyembamba. Mombo ni tanuri. Watu watakucheka ukivaa sweta kwenye jua lile, basi usivae. Simama Soni, karibu na maporomoko, ndipo uvae. Lile gazeti likunjue, ulitandaze kifuani chini ya koti. Linazuia upepo kuliko sweta ya pili, na waendesha pikipiki wa zamani wanalijua.

Injini itachoka, nawe usishtuke. Kadiri unavyopanda hewa inapungua, kabureta linaendelea kumimina petroli ile ile, na nguvu hupungua kama sehemu moja ya kumi kwa kila mita 1,000. Usiibane gia ya nne mpaka pikipiki itetemeke kama mtu mwenye homa. Shuka gia ya tatu au ya pili, acha injini iimbe. Injini inayoimba inapoa, inayokoroma inaungua.

Kona ziko nyingi, na kila moja ina sheria zile zile. Punguza mwendo kabla ya kuingia, ukiwa bado umenyooka. Piga honi kwenye ile usiyoona mwisho wake. Kaa kushoto kwako hata kama njia ya ndani inakuita, kwa sababu Fuso iliyojaa kabichi inaposhuka, inaichukua kona yote, na dereva wake hana namna nyingine. Tazama kule unakotaka kutokea. Ukilitazama korongo, utaliendea. Sijui kwa nini mwili uko hivyo, lakini uko hivyo.

Soni ni nusu ya njia, mahali pa kunywa chai na kupumzisha mikono. Juu ya hapo kuna Vuga, iliyokuwa makao ya Wakilindi, ukoo uliowatawala Wasambaa. Kimweri ye Nyumbai alitawala akiwa huko hadi alipofariki 1862, na mmisionari Krapf alipokwenda kumwona 1848 alipanda milima hii kwa miguu. Nikikumbuka hilo huwa naacha kulalamika kuhusu kiti changu.

Hatua ya 6: Weka kambi sehemu moja

Hapa ndipo wengi wanapokosea, na mimi niliwahi kuwa kiongozi wao. Wanapanga kulala kila siku mji mpya: leo Lushoto, kesho Mlalo, kesho kutwa Mtae. Matokeo yake kila asubuhi unafunga mzigo, kila jioni unatafuta chumba ukiwa umechoka na giza linaingia. Tafuta chumba kimoja Lushoto au pembezoni mwake kwa wiki nzima. Bei ya wiki huwa na nafasi ya kuongea, bei ya usiku mmoja haina. Acha begi humo, toka na zana na koti la mvua tu. Boxer isiyo na mzigo kwenye njia za juu ni mnyama mwingine kabisa.

Vitu vitatu vya kuuliza kabla hujalipa. Pikipiki italala wapi: ndani ya uzio, na kama inawezekana chini ya paa. Maji ya moto yapo, hata kama ni ya ndoo. Na blanketi ni ngapi.

Baridi ikikuzidi usiku, omba blanketi la tatu. Usiingize jiko la mkaa chumbani ukafunga dirisha. Hewa yake haina harufu ya kukuamsha, na watu hulala wasiamke. Hili silisemi kwa kujazia ukurasa.

Mimi hukaa kwa bibi mmoja nje kidogo ya mji, chumba cha uani. Mwaka wa kwanza kwake nilifua suruali Jumatano, nikaianika kwenye kamba, nikasimama kuitazama.

"Mwalimu," akasema, bila kuacha kumenya viazi, "hiyo itakauka Jumamosi."

"Bibi, leo si Jumatano?"

"Ndiyo."

Ilikauka Jumamosi. Kwa hiyo: fua siku ile unayofika, usingoje nguo ya mwisho ichafuke, na jinzi iache nyumbani, kwani ni blanketi lenye miguu. Kitambaa chepesi hukauka kwa siku moja na nusu, tena ukikikamulia ndani ya taulo kavu kwanza.

Hatua ya 7: Jifunze kuwa mwenyeji siku za kukaa

Siku ya kukaa ina kazi zake. Asubuhi ni ya pikipiki. Jua likitoka, kama litatoka, sugua cheni kwa ule mswaki mzee na mafuta ya taa kidogo, ifute kwa kitambaa mpaka kitambaa kiache kutoka cheusi, ndipo upake oili upande wa ndani, tone kwa tone, ukizungusha gurudumu kwa mkono, injini ikiwa imezimwa. Imezimwa, nasema. Nimefundisha mtu ambaye kidole chake kimoja ni kifupi. Pitisha mkono kwenye spoku, moja moja, iliyolegea utaisikia. Kisha fungua plagi uitazame. Nyumbani yangu huwa rangi ya kahawia kama chai ya maziwa. Baada ya siku mbili za kule juu Magamba hutoka nyeusi, imekauka, kama masizi ya sufuria, kwa sababu ya ile petroli inayozidi hewa. Isugue, irudishe. Usimruhusu mtu akuchokonolee kabureta kwa ajili ya wiki moja. Ukirudi Mombo itakuwa kinyume, na injini itaungua joto.

Mchana nenda sokoni. Lushoto inalisha Dar kwa mboga, na sokoni utaona kwa nini: karoti zilizooshwa zinang'aa, viazi mviringo, kabichi kubwa kuliko kofia yako ngumu, peasi zikiwa katika msimu wake. Nunua kidogo kila siku, umpe mwenye nyumba apike, mle pamoja. Makande yake utayakumbuka kuliko mandhari. Irente, kilomita chache kutoka mjini, kuna shamba linalotengeneza jibini na mkate mzito wa kahawia. Mimi si mtu wa jibini, ila ule mkate na chai ya tangawizi wakati ukungu umeziba dirisha, hapo nanyamaza.

Wasambaa wanasalimia kwa kituo. Ukitupa "mambo" ukipita, utajibiwa, lakini umeshajionyesha wewe ni wa kupita. Zima injini kwanza. Kwa mkubwa ni shikamoo, na ukijua kusema "onga maundo" asubuhi uso wa mtu unafunguka. Niliambiwa nikishukuru niseme "hongea", na mara ya kwanza nilidhani napongezwa.

Halafu kuna kijiwe cha bodaboda. Usikipite. Pikipiki ngeni ikisimama jirani nao, vijana wanahesabu abiria wanaoweza kukosa. Nenda mwenyewe, salimia, sema umekuja kutembea na hubebi mtu. Ukishafanya hivyo umepata gazeti la barabara, ila ujue kulisoma. Ukiuliza "barabara ya Mtae ni nzuri?" jibu ni nzuri, kwa sababu hakuna mtu anayetukana kwao. Ukiuliza ni mbali, jibu ni "hapo tu mbele", na hapo tu panaweza kuwa saa mbili. Mimi huuliza hivi:

"Kaka, wewe mwenyewe Mtae umepita lini?"

"Juzi."

"Na mzigo gani?"

"Abiria wawili na mfuko wa simenti." Akafikiri kidogo. "Lakini juzi ilikuwa haijanyesha."

Maneno hayo manne ya mwisho ndiyo yaliyonifanya nibaki siku nyingine, nikamsaidia mjukuu wa bibi hesabu za sehemu.

Hatua ya 8: Siku za njia, anza na fupi

Siku ya kwanza ya njia iwe Irente, kwenye ukingo. Ni mwendo mfupi wa kujaribu breki na mwili. Utasimama kwenye mwamba, na chini yako, kama mita 1,000, kuna Mazinde na barabara kuu uliyokuja nayo, mabasi madogo kama sisimizi, na ndani ya kichwa chako unasema mimi juzi nilikuwa sisimizi pale. Nenda asubuhi mapema au jioni. Mchana kuna ukungu wa joto.

Siku ya pili, rudi Soni ukate kuelekea Bumbuli. Huko ndiko kwenye mashamba ya chai, kijani kilichochongwa kama nywele za mwanajeshi, na njia yenyewe inakufundisha udongo mwekundu. Udongo mkavu ni vumbi tu. Ukilowa, subiri. Saa mbili za jua hufanya kazi ambayo ujuzi wako hauwezi. Ikibidi upite penye utelezi, gia ya pili, mafuta kidogo yasiyobadilika, breki ya mbele usiiguse, miguu iwe tayari kushuka. Kuanguka ukiwa na mwendo wa mtu anayetembea ni aibu tu, na aibu huisha jioni.

Ya tatu ndiyo kubwa: Mtae, kama kilomita 60 kutoka Lushoto. Usiifanye kama hukupumzika jana yake. Unapanda kwanza Magamba, ambako msitu unakuja mpaka barabarani na baridi inabadilika ghafla, kama umefungua mlango wa friji. Ukitaka kuingia ndani ya msitu kutazama mbega, ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali. Pitia ofisini, lipa, chukua mwongozaji, pikipiki iache hapo. Ukungu ukishuka njiani, washa taa lakini si fulu, maana fulu inapiga ukungu na kukurudia machoni. Inua kioo cha kofia, nenda pole, na usisimame barabarani. Toka kando kabisa.

Lukozi utakuta malori yanapakiwa viazi na kabichi, na hapo ndipo pa kula. Petroli ikibidi ya chupa, inuse kwanza. Ya kuchanganywa na mafuta ya taa ina harufu ya jikoni. Ichuje kwa kitambaa. Mimi hutoka Lushoto na tanki limejaa, lita moja hunipeleka kilomita 45 hivi milimani, kwa hiyo kwenda na kurudi haifiki lita tatu na sijaihitaji chupa bado.

Baada ya hapo njia inaendelea kupanda na kushuka kupitia Sunga, vibanda vya udongo, watoto wanakimbia na wewe. Usiwarushie pipi, punga mkono. Mtae yenyewe iko kwenye ncha ya mlima, nyumba zimejipanga juu ya ukingo, kulia kunashuka na kushoto kunashuka. Mbele ni tambarare ya Mkomazi, milima ya Pare upande wa kushoto, na siku ambayo hewa ni safi, Kilimanjaro. Nimekwenda mara nne, nimeiona mara moja, kwa dakika kumi, ikielea bila miguu.

Geuza saa saba mchana. Hata kama chai bado haijaiva. Kwenye njia hizi huhesabu kilomita, unahesabu saa: mimi hutumia saa tatu kwenda na nyingine tatu kurudi, na giza la milimani halibishi hodi. Ukichelewa, lala huko huko. Kwa mgeni anayelala kijijini ni adabu kumjulisha mwenyekiti. Mwenye chumba atakuonyesha nyumba ya mwenyekiti.

Hatua ya 9: Shuka kwa gia

Gia uliyopandia ndiyo utakayoshukia. Kuna watu wanaweka fri, wanazima injini kabisa, wanateremka kimya wakijisifu wameokoa mafuta. Nami niliokoa, mwaka ule wa kwanza. Chini ya Soni nikasikia harufu, kama mpira na nywele vinaungua pamoja, nikadhani ni lori. Nikakanyaga breki ya nyuma: pedali inashuka, pikipiki haipungui. Nikabana ya mbele, ikashika kidogo, ikaachia. Ngoma zilikuwa zimepata moto mpaka breki shuu zinateleza tu. Nikachagua upande wa mlima, nikaingia kwenye mfereji, nikalala na pikipiki juu ya paja. Mama mmoja aliyekuwa na ndizi kichwani akasimama, akanitazama, hakuzitua ndizi.

"Pole, baba. Mbona hukuwasha?"

Alijua kuliko mimi. Kwa hiyo injini iwake, gia ya pili au ya tatu, mafuta umeachia, injini ndiyo ikushikilie. Breki ziguse kwa vipindi, mbele na nyuma pamoja, halafu ziachie zipoe, usizilalie. Ukisikia ile harufu, simama penye nafasi, pumzika robo saa. Usizimwagie maji, chuma cha moto hupasuka. Na usishuke na mvua kwa sababu tu umelipa chumba mpaka leo.

Mombo joto litakupokea usoni. Vua koti hapo hapo, na gazeti ulitoe kifuani, usingoje Korogwe. Mwaka juzi mimi nilingoja. Jasho lilishalilowesha, na shati langu jeupe la kazini mpaka leo lina nusu ya msimamo wa ligi, umegeuka kama kwenye kioo.